Waheshimiwa, waacheni watoto wa chekechea waongee

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Nakala: TAMISEMI.

Waheshimiwa Mawaziri, salaam.

Nawaandikia kuhusu amri ambayo haimo katika sheria yoyote ya nchi yetu, lakini inatiiwa kuliko sheria nyingi zilizopigwa muhuri. Amri yenyewe ni hii: hapa hakuna kuongea Kiswahili. Imebandikwa kwenye kuta za vituo vya kulelea watoto mchana, na pale ambapo haikubandikwa walezi wameishika kichwani. Wanaotakiwa kuitii wana miaka miwili, mitatu, minne.

Kazi yangu ni kuwanoa walezi wa watoto wadogo hapa Tanga, kwa hiyo vituo hivi naviona siku za kawaida, siyo siku ya mahafali watoto wakiwa wamevalishwa majoho. Katika vile vinavyojiita inglishi midiamu, mtoto anayetaka kwenda msalani sharti aombe kwa Kiingereza. Asipoweza, hujibana mpaka mlezi agundue, au hujikojolea. Akimwambia mwenzake "nipe mpira wangu", huwekewa kidole mdomoni. Haipiti muda mrefu mtoto anakuwa ameshaelewa kwamba usalama wake uko katika kunyamaza. Jioni mzazi anapokuja kumchukua huambiwa mwanawe siku hizi ana nidhamu.

Ombi langu ni fupi. Toeni waraka wa pamoja unaokataza amri hiyo kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka sita, awe katika kituo cha mtu binafsi au cha taasisi ya dini, na mkaguzi anapokwenda kukagua kituo asihesabu vyoo na vitanda peke yake, asikilize pia watu wazima wanavyozungumza na watoto. Nawaandikia wote wawili kwa sababu watoto hawa wamekaa mpakani mwenu. Aliye darasa la awali yuko kwa Wizara ya Elimu na wathibiti ubora wake, yaani wakaguzi wa shule. Mdogo wake wa miaka mitatu, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yuko kwa ustawi wa jamii. Mara nyingi wote wawili wako kwenye jengo moja, chini ya mmiliki mmoja, na kila ofisi huamini kwamba suala la lugha linashughulikiwa na ile nyingine.

Serikali yenyewe imeshasema neno zuri kuhusu jambo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imesimama juu ya mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Manne ya mwanzo yanaeleweka hata kwa asiyesoma mwongozo. Hilo la tano walezi hunitazama tu ninapolitaja. Wanauliza, mwitikio gani? Nawaambia: mtoto akitoa sauti, mjibu. Akinyoosha kidole, tazama anakoonesha, mtajie kitu hicho, kisha nyamaza kidogo umsubiri aseme lake. Basi. Kituo kinachomkataza mtoto lugha anayoijua kimejifungia mlango wa hilo la tano, hata kama cheti chake cha usajili kiko ukutani kwenye fremu.

Kwa nini nasema hivyo kwa uhakika? Kwa sababu wataalamu wa lugha ya mtoto wamebishana kwa zaidi ya miaka sitini kuhusu karibu kila kitu, na katika ubishi wote huo hakuna aliyewahi kudai kwamba mtoto hujifunza lugha kwa kunyamazishwa.

Mwaka 1957 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alieleza lugha kama tabia nyingine yoyote. Mtoto husikia, huiga, hupata tuzo akipatia, hukosa tuzo akikosea, na mazoea yanajengeka. Skinner hajulikani kwa jina katika vituo vyetu, lakini yeye ndiye mwalimu mkuu wa vingi. Ingieni saa tatu asubuhi mtakuta mlezi ameshika fimbo ndefu ya kuoneshea ubaoni, watoto wanapaza sauti pamoja: ei fo apo, bi fo boli. Anayepaza zaidi hupigiwa makofi. Muulizeni mmoja wao pembeni apo ni nini, atawatazama.

Sipingi kukariri. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, hukariri Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, akiwa bado hajui kufunga kanzu yake vizuri, na kukariri huko kuna heshima na lengo lake. Ila sijawahi kukutana na ustadhi anayemwambia mzazi kwamba kwa sababu hiyo mwanawe sasa anaongea Kiarabu. Wamiliki wa vituo vyetu wanawaambia wazazi hivyo hivyo kuhusu Kiingereza, na wanalipisha ada kwa kusema hivyo.

Miaka miwili baada ya Skinner, mwaka 1959, mwanaisimu Noam Chomsky alimjibu kwa ukali. Hoja yake, nikiisema kwa lugha ya kawaida, ni kwamba mtoto husema mambo ambayo hakuyasikia kwa mtu yeyote, kwa hiyo haiwezekani kuwa anaiga tu. Lazima azaliwe na maandalizi ya ndani ya kuunda kanuni, na maandalizi hayo ndiyo msingi wa kile wanaisimu wetu wanachokiita sarufi bia, yaani misingi ya sarufi iliyo ya pamoja kwa lugha zote. Tayari mwaka 1958 Jean Berko alikuwa ameonesha jambo hilo kwa majaribio rahisi sana. Aliwachorea watoto viumbe visivyokuwepo duniani, akavipa majina ya kubuni, kisha akawauliza viwili vitaitwaje. Watoto waliweka wingi sahihi kwenye maneno ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuwafundisha.

Hapa kwetu hatuhitaji hata hizo picha. Msikilizeni mtoto wa miaka mitatu mtaani Ngamiani au Chumbageni. Atasema "majino yangu". Atasema "sinataka". Nani alimfundisha? Mama yake husema meno, na husema sitaki, kila siku ya Mungu. Mtoto amegundua mwenyewe kwamba wingi unaweza kutengenezwa kwa ma- na kwamba ukanushi wa "nataka" unaanza na si-, akaunganisha. Amekosea neno na amepatia kanuni. Kwa mlezi anayejua, "sinataka" ni habari njema kuliko ei fo apo mia, kwa sababu inaonesha akili iko kazini. Na kosa hilo litaondoka lenyewe kwa kuwa mtoto ataendelea kuzungumza na watu wanaosema sitaki. Roger Brown na mwenzake Camille Hanlon waliliangalia hilo mwaka 1970 wakakuta kwamba wazazi, kwa kawaida, hawasahihishi sarufi ya mtoto mdogo. Wanasahihisha ukweli wa anachosema. Ndivyo mama zetu wanavyofanya. Mtoto akisema "majino yangu nimepiga mswaki" na hajapiga, atajibiwa kuhusu mswaki.

Sasa fikirini mtoto huyo anaingizwa mahali ambapo "sinataka" ni kosa la kuwekewa kidole mdomoni, na hana neno jingine la kuweka mahali pake. Ile kazi ya kugundua kanuni inasimamia wapi? Haiwezi kuendelea kwa Kiingereza, maana Kiingereza anachokisikia pale ni amri fupi fupi: kaa, simama, njoo, nyamaza, nawa mikono. Maandalizi ya kuzaliwa nayo, kama yapo kama Chomsky alivyosema, yanahitaji lugha halisi ya kuyalisha. Hata mfuasi wake mkali hatakwambia kwamba amri kumi zinatosha.

Wapo walioona kwamba Skinner na Chomsky wote walimtazama mtoto akiwa peke yake mno. Lev Vygotsky kule Urusi, aliyefariki 1934, alishasema kwamba akili ya mtoto hukua kwanza kati ya watu kabla ya kuhamia ndani yake. Jerome Bruner akaichukua hoja hiyo akaenda kuwatazama akina mama wakicheza na watoto wao: ule mchezo wa kujificha uso kwa kitambaa na kujitokeza, mama anachezesha, mtoto anasubiri, anacheka, siku nyingine mtoto ndiye anashika kitambaa. Kwa Bruner mchezo huo ni lugha kabla ya maneno, kwa sababu una zamu yangu na zamu yako. Michael Tomasello, katika miaka yetu hii, anaongeza kwamba mtoto huokota lugha kwa kusoma nia ya anayezungumza naye: tunatazama kitu kimoja, najua unataka kunionesha nini, ndipo neno lako linapata maana. Mimi niko upande huu zaidi. Nasema hivyo kama mtu wa vituoni, si kama mwanaisimu, na ubishi wa wakubwa hao kuhusu alichozaliwa nacho mtoto sitaumaliza kwa barua.

Kuhusu zamu, kuna utafiti mmoja ningependa washauri wenu wausome. Rachel Romeo na wenzake, mwaka 2018 huko Boston, waliwarekodi watoto wa miaka minne hadi sita nyumbani kwao, kisha wakatazama ubongo wao unavyofanya kazi wakisikiliza hadithi. Idadi ya maneno waliyomwagiwa na watu wazima haikueleza mengi. Kilichoeleza ni idadi ya mara ambazo mtoto na mtu mzima walipokezana mazungumzo. Kwa hiyo redio iliyowashwa kutwa haihesabiki. Hotuba ya mlezi haihesabiki. Linalohesabika ni mtoto kusema, kujibiwa, kusema tena.

Na hapo niseme kidogo kuhusu televisheni, kwa sababu imekuwa mlezi msaidizi katika vituo vingi. Watoto wanakalishwa mkekani, katuni za Kiingereza zinawekwa, mlezi anapata nafasi ya kupika uji. Namwelewa kabisa, uji lazima uive. Lakini mmiliki anapomwambia mzazi kwamba ile ni programu ya lugha, hapo tunadanganyana. Patricia Kuhl na wenzake walichapisha majaribio yao mwaka 2003. Watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa waliletewa watu wazungumzaji wa Kichina cha Mandarin, wakacheza nao na kusomewa vitabu mara kumi na mbili, dakika ishirini na tano kila mara. Mwishoni watoto hao waliweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo wenzao hawakuweza. Kundi jingine lilipewa watu wale wale, maneno yale yale, lakini kwenye televisheni. Halikujifunza kitu. Sauti zilikuwepo zote. Asiyekuwepo ni mtu wa kumtazama mtoto usoni.

Najua mtajibu kwamba tafiti hizi ni za Wazungu. Ni jibu la haki, na wataalamu wenyewe walilitoa mapema. Elinor Ochs na Bambi Schieffelin waliandika mwaka 1984 kuhusu Samoa na Wakaluli wa Papua New Guinea, ambako watu wazima hawambembelezi mtoto kwa lugha ya kitoto, na watoto wa huko wanaongea vizuri tu. Hivyo mtu yeyote asije kuwaambia mama wa Pangani au wa Lushoto kwamba hawajui kulea kwa sababu hawamsimulii mtoto kila wanachofanya jikoni. Mtoto wa huko ana bibi, ana dada wa miaka tisa anayembeba mgongoni, ana kundi la uani. Na utamaduni wetu wa maneno umejengwa juu ya zamu kuliko mwingi ninaoufahamu. Msimulizi hawezi kuanza hadithi mpaka aitikiwe: paukwa, pakawa. Kitendawili hakitegwi mpaka mwenzako aseme tega. Hata salamu ya kwanza anayofundishwa mtoto, shikamoo, haijakamilika mpaka mkubwa aseme marahaba. Kituo kinachofukuza Kiswahili mlangoni kinafukuza na hayo yote, halafu kinanunua bango la rangi la herufi.

Wala kujibizana na mtoto si mtindo usioweza kuongezwa pale unapopungua. Nchini Senegal, vijijini kwa Wawolofu, ambako mila haikuhimiza kumsemesha mtoto mchanga, Ann Weber, Anne Fernald na Yatma Diop walifuatilia mpango wa kuwaelimisha walezi kwa lugha yao wenyewe. Mwaka mmoja baadaye walezi walikuwa wanazungumza na watoto zaidi, na watoto wenyewe walikuwa wamepiga hatua kubwa zaidi ya wenzao wa vijiji visivyoguswa na mpango. Matokeo yalichapishwa 2017. Wale walezi hawakulazimika kujifunza Kifaransa kwanza.

Nije kwa wazazi, maana wao ndio watakaotajwa kwanza mkiuliza amri hii ilitoka wapi. Ni kweli, wanaitaka. Mzazi anayeuza samaki Deep Sea na mzazi mwenye ofisi Raskazone wote wanataka mtoto arudi nyumbani na neno la Kiingereza, na wanahesabu sawasawa. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza. Mtihani wa kidato cha nne ni kwa Kiingereza. Usaili wa kazi nao hivyo hivyo. Sera inayosema Kiswahili ndiyo lugha ya elimu ya awali na ya msingi, huku ikiziruhusu shule za Kiingereza kando yake na kubadilisha lugha mtoto akifika kidato cha kwanza, imewaambia wazazi wazi kabisa thamani iko wapi. Wao wanakimbia mapema ili wasipitwe. Siwalaumu. Mnaoweza kubadilisha hesabu hiyo ni ninyi, na mjadala wa lugha ya sekondari ni mkubwa kuliko barua hii.

Ila kuna jambo moja ambalo wazazi hawajaambiwa na wanastahili kuambiwa na mtu mwenye cheo. Mtoto haelemewi na lugha mbili, wala tatu. Muheza watoto wamejaa ambao kwa bibi wanaongea Kibondei, barabarani Kiswahili, na hakuna aliyewahi kuwapeleka hospitali kwa sababu hiyo. Kiingereza kingeweza kuingia katika orodha hiyo bila kumdhuru mtoto, kama angekuwepo mtu anayekizungumza kwa ukamilifu, anayecheka kwa lugha hiyo, anayeweza kumwuliza mtoto kwa nini analia na kuelewa jibu. Walezi wetu wengi hawakupewa Kiingereza hicho. Wanalipwa kidogo, wamesoma kozi fupi, na mmiliki amewaamuru wazungumze lugha ambayo wao wenyewe wanaiogopa. Kwa hiyo nao wananyamaza. Nimeshuhudia mlezi hodari, mtu ambaye uani kwao ni bingwa wa hadithi, akipita asubuhi nzima kituoni bila kumwambia mtoto sentensi yenye maneno zaidi ya matatu. Huyo mtoto amekosa Kiingereza na amekosa Kiswahili, kwa ada ile ile.

Na mtoto aliyejengwa vizuri katika lugha yake hachelewi kwenye Kiingereza. Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Ife, Nigeria, walianza mwaka 1970 mradi wa kufundisha darasa la kwanza hadi la sita kwa Kiyoruba, huku Kiingereza kikifundishwa vizuri kama somo. Watoto wa mradi waliwashinda wenzao waliofundishwa kwa utaratibu wa kawaida, na hata katika Kiingereza hawakuachwa nyuma. Ni nusu karne sasa.

Kuna watoto wengine ambao wakisahauliwa katika waraka mtakaoutoa, nitaandika tena. Ni viziwi. Mwaka 1977 ilifunguliwa shule maalumu Managua, Nicaragua, na kwa mara ya kwanza watoto viziwi wengi walikutana mahali pamoja. Walimu walijaribu kuwafundisha kusoma midomo kwa Kihispania bila mafanikio makubwa. Watoto wenyewe, uwanjani na kwenye basi, walianza kuunganisha ishara walizokuja nazo kutoka majumbani, na ndani ya miaka michache ikazaliwa lugha ya alama yenye sarufi yake. Walioikomaza zaidi ni wale walioingia wakiwa wadogo. Elissa Newport aliwapima viziwi watu wazima wa Marekani waliotumia lugha ya alama kwa miongo mingi: walioianza tangu kuzaliwa, walioianza wakiwa na miaka minne hadi sita, na walioianza baada ya miaka kumi na miwili. Tofauti kati yao haikufutika kwa kuizoea. Umri wa kuanza uliacha alama yake maisha yote.

Kwetu shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963, ya Buguruni ikafuata 1974, na kazi yao naiheshimu. Lakini mtoto anafika huko akiwa wa umri wa shule. Miaka ile ambayo ubongo hupokea lugha kwa urahisi kuliko wakati wowote, ameipitisha nyumbani ambako hakuna anayejua alama, na mara nyingi hakuna aliyejua kwamba hasikii. Husemwa ni mkaidi, au amechelewa kama mjomba wake. Kliniki mtoto hupimwa uzito kila mwezi. Muuguzi huyo huyo angeweza kufundishwa kupiga njuga nyuma ya kichwa cha mtoto na kuona kama anageuka, na akiwa na shaka ampeleke kwa mtaalamu wa masikio. Na mzazi aoneshwe pa kujifunzia Lugha ya Alama ya Tanzania kabla mtoto hajatimiza miaka miwili.

Hilo la muuguzi linanikumbusha pengo jingine ambalo si kosa la kituo chochote. Nikiulizwa na mama, "mwanangu ana miaka miwili, anasema maneno machache tu, amechelewa?", namjibu kwa kutegemea vipimo vilivyotengenezwa kwa watoto wa Kiingereza. Navitumia shingo upande, maana lugha zetu zinajengwa vingine kabisa. Katherine Demuth, aliyewafuatilia watoto wa Lesotho wanaojifunza Kisotho, alikuta wanatumia kauli ya kutendwa kabla hawajafikisha miaka mitatu, wakati vitabu vilivyoegemea Kiingereza viliichukulia kauli hiyo kuwa ngumu kwa mtoto wa umri huo. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili akakuta wanapitia kipindi cha kuacha viambishi vya nafsi, kama ni-, u- na a-, mbele ya kitenzi. Mtu asiyejua hilo atamwona mtoto mzima kabisa kuwa na tatizo. Na Kilifi, pwani ya Kenya, Katie Alcock na wenzake waliandaa orodha za maneno za kupimia watoto wa Kiswahili na Kigiriama, zinazotumika hata kwa mzazi asiyejua kusoma. Kilifi si mbali. Idara za Kiswahili na za saikolojia katika vyuo vikuu vyetu zingepewa fungu la miaka michache zingetuletea kipimo cha Tanzania, chenye watoto wa pwani na wa bara, cha kuwekwa mkononi mwa kila muuguzi wa kliniki. Haya ni maombi kwa yule miongoni mwenu anayesimamia utafiti.

Nirudi vituoni. Waraka peke yake hautatosha, hilo nalijua. Darasa la awali linatakiwa kuwa na mwalimu mmoja kwa watoto 25, na madarasa yenye watoto themanini hayamshangazi mtu. Hakuna mwalimu awezaye kupokezana mazungumzo na watoto themanini, hata angekuwa malaika. Lakini anaweza kuwagawa katika makundi wakachezea vibao na udongo huku wakiongea wenyewe kwa wenyewe, naye akapita kundi kwa kundi. Kelele zitakuwepo. Mthibiti ubora anayeingia darasa la namna hiyo na kuandika "hakuna utulivu" naye anahitaji semina.

Kwenye fomu ya ukaguzi ongezeni sehemu moja tu. Mkaguzi akae nusu saa pembeni bila kuuliza kitu, asikilize. Je, mtoto aliposema jambo, kuna mtu mzima aliyemjibu kuhusu jambo hilo hilo? Je, yuko mtoto aliyekatazwa kuongea kwa sababu ya lugha aliyotumia? Mtoto aliyehitaji msaada aliweza kuuomba kwa lugha yake, akaupata? Majibu yake yaandikwe, na kituo kinachoendelea kuwakataza watoto lugha baada ya kuonywa kisihuishiwe usajili. Kwa upande wa mafunzo, kozi za walezi ziwe na saa za kutosha za kuzungumza na mtoto, na nyenzo zake ziandikwe kwa Kiswahili. Nimefundisha kwa vitini vya Kiingereza vinavyohimiza Kiswahili, na aibu yake naijua.

Vituo huandikisha watoto wapya Januari, na wamiliki huchapisha vipeperushi vya matangazo kuanzia Novemba. Waraka ukiwafikia maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya Oktoba kwisha, utawakuta bado hawajalipa mpiga chapa.

Wenu katika kulea,

Mkufunzi wa walezi wa watoto wadogo, Tanga